Kilima Kiwe Kulia

Baba yangu hajawahi kuingia nyumbani mwangu, ingawa ndiye aliyenionyesha mahali pa kuijenga. Kwetu Nyamira, kama ilivyo Kisii, baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo chinsoni: heshima iliyochanganyika na haya, inayopanga nani aingie wapi na nani ataje nini mbele ya nani. Basi niliporudishwa nyumbani Aprili ile, mguu wa kulia umevimba kama kibuyu cha maziwa, watu waliingia. Majirani waliingia, mashemeji waliingia, mchungaji aliingia akaomba hadi chai ikapoa. Mzee alileta kiti chake chini ya mti wa avokado, akakielekeza mlangoni, akaketi, akakohoa. Kikohozi hicho ndicho hodi yake.

"Umeamkaje?"

"Salama, tata."

"Na mguu?"

"Upo."

Siku tatu tuliongea hivyo, kwa kupaza sauti, yeye uani na mimi kitandani, mke wangu akipita katikati na bakuli la uji wa wimbi kama mpatanishi. Asubuhi ya nne ikanijia kwamba iwapo ninataka mzee auone mguu wangu, mguu ndio utakaomwendea. Kutoka kizingitini hadi kwenye mti ule ni hatua thelathini na mbili. Nazijua kwa sababu nilizihesabu, nikiwa na gongo la kuazima na jasho la mtu aliyebeba gunia. Hayo ndiyo yalikuwa matembezi yangu ya kwanza. Mzee aliutazama mguu kwa muda, akaniuliza kama nimekunywa chai, kisha akaondoka zake kuangalia ng'ombe.

Ningependa kusema niliteguka nikipanda miamba ya Manga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikishuka kwenye bodaboda pale Keroka. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nikakanyaga ukingo wa mtaro, udongo ukateleza, mguu ukapindia ndani na mimi nikaufuata. Keroka ni mji ambao Kisii na Nyamira wamegombania mpaka na ushuru wake kwa miaka, kwa hiyo hadi leo siwezi kukuambia niliangukia kaunti gani.

Kwenye zahanati tabibu kijana alifanya mambo mawili tu. Alinibonyeza kwa kidole gumba nyuma ya ule mfupa uliotokeza nje ya kifundo, kisha ule wa ndani, akiuangalia uso wangu badala ya mguu. Halafu akasema, "Sasa mwalimu, nipe hatua nne." Nilidhani ananitania. Baadaye nilijifunza kwamba hatua hizo nne zina historia. Mwaka 1992, Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kuwapunguzia watu eksirei wasizozihitaji. Kama mfupa wenyewe hauumi unapobonyezwa ukingoni nyuma au nchani, kama vile vifupa viwili vya wayo wanavyovikagua pia haviumi, na kama mgonjwa aliweza kujikokota hatua nne pale alipoumia au anaziweza mbele ya daktari, basi uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana. Kuchechemea kunahesabiwa. Machozi hayazuiliwi. Nilizipata zote nne, ya mwisho nikiwa nimeshikilia meza. Maumivu yangu hayakuwa kwenye mfupa bali mbele yake na chini kidogo, pale kano inayofunga mfupa wa nje na mifupa ya wayo ilipochanika nusu. Ndiyo kano inayochanika mara nyingi zaidi mguu unapopindia ndani.

Naliandika hili mapema kwa sababu kila kitu nitakachosema kuhusu raha ya kutembea kinasimama juu yake. Asiyeziweza hatua nne, au anayepiga kelele mfupa unapoguswa, atafute picha kwanza. Mashamba yetu yatamngoja.

Ushauri, bila shaka, ulikuja kabla ya uvimbe kutulia. Sisi Abagusii tumeandikwa hadi katika majarida ya udaktari kwa ajili ya ababari, wale waganga waliokuwa wakifungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kuumwa na kichwa kisichopoa, na wagonjwa wengi wakaishi. Taifa lenye sifa hiyo haliwezi kukosa la kusema juu ya kifundo cha mguu. Mmoja alileta majani. Mmoja alileta mafuta ya ng'ombe. Mama mmoja jirani, anayejulikana vilima viwili mbali kwa kukanda, alikaa kwenye mkeka, akaupakata mguu wangu, akapitisha vidole pasipo kubonyeza. Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia kwa adabu. Akaniwahi: "Huu haukandwi sasa. Una moto. Uache upoe, nitarudi." Nimekutana na watu wenye vyeti ukutani wasiojua kungoja namna ile.

Barafu hatukuwa nayo. Tulikuwa na ndoo ya maji ya chemchemi, ambayo katika vilima vyetu, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, mwezi wa Aprili, yanatosha kumfanya mtu mzima alie. Mmarekani Gabe Mirkin, aliyeeneza ule wosia wa kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua katika kitabu chake cha 1978, alikuja mwenyewe kukiri baada ya miaka mingi kwamba barafu na mapumziko marefu huenda vinachelewesha kupona. Siku hizi wataalamu wa fiziotherapia wanapenda mguu ukilindwa siku chache, kisha uanze kubebeshwa uzito kidogo kidogo, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kwa maneno mengine, wanataka utembee.

Na hapo ndipo shida ya nchi yetu ya Gusii ilipoanza.

Matembezi ya kujifurahisha, kwetu, hayana jina. Mtu anakwenda sokoni, mtoni, shambani, kanisani, matangani. Anayetembea mikono mitupu, taratibu, akitazama vilima, ama amelewa ama anapima shamba la mtu. Tena hakuna pa kujifichia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Upande wa Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Vitabu vya matembezi vilivyoandikwa Uingereza humwahidi msomaji upweke na sauti ya ndege. Mimi kila mita hamsini nilikuwa na mtu. "Bwakire," anaamkia. "Buya mono," najibu. Kisha: "Mwalimu, unaenda wapi?"

Siku ya kwanza nilijibu, "Sendi popote, nanyoosha mguu." Jioni mke wangu alisimuliwa kisimani kwamba kichwa changu pia kiliumia.

Basi nikajitafutia shughuli. Nilichukua chupa ya maziwa ya nusu lita, nikaitia kwenye kiondo, nikasema nampelekea shangazi. Siku nyingine nilikuwa nikienda kuulizia bei ya mbegu za mboga ya chinsaga. Wiki ya tatu nikapata kazi rasmi: kuangalia majani yetu yakipimwa kwenye kituo cha chai, upande wa pili wa kilima. Nilipopata jibu la "unaenda wapi", njia zote zilifunguka. Nimekuja kuona pia kwamba zile salamu, nilizozilaani mwanzoni, ndizo zilizonipa mapumziko sahihi. Huwezi kumwamkia omong'ina, mama mzee, huku ukitembea. Unasimama. Unauliza habari za wajukuu, mmoja mmoja. Mguu unapumzika bila wewe kujiona mgonjwa.

Sasa niseme juu ya ardhi yenyewe, maana hapa kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote na lililonigharimu wiki nzima ya maumivu kulijua.

Mashamba yetu yamekatwa kwa vipande virefu vyembamba vinavyoanzia barabarani, juu kwenye mgongo wa kilima, na kuteremka hadi kijitoni. Ni mpango wenye haki: kila mlango upate barabara, upate mteremko wa kulima, upate maji na majani ya ng'ombe bondeni. Mashamba yakigawanywa kwa wana, hugawanywa kwa urefu huo huo, kwa hiyo kila kizazi kipande kinazidi kuwa chembamba. Matokeo yake kwa mtembezi ni kwamba njia nyingi za miguu ni mipaka, na mipaka yote inapanda au kushuka. Za kushuka kisimani ni adui mkubwa wa kifundo kibovu. Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi, na ukilowa huwa kama sabuni. Njia iliyo tambarare ni barabara ya juu mgongoni, lakini ile ina bodaboda, vumbi na malori ya chai.

Inabaki njia ya tatu, ile ya kukata kando kando ya kilima, isiyopanda wala kushuka, ikipita nyuma ya majiko, kati ya migomba, chini ya kamba za nguo za watu. Ni ya heri na inapitika. Niliishika siku tano mfululizo: nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Kwenda kulikuwa raha tupu. Kurudi, kifundo kiliwaka. Nilidhani ni uchovu, nikafupisha safari. Bado. Nikaenda robo saa tu. Kurudi kukawa kwa maumivu vile vile.

Jibu nililipata nimekaa juu ya kisiki, kiatu mkononi. Njia ya kando ya kilima imelala upande, kama meza iliyokatwa mguu mmoja. Ukiikanyaga, wayo ulio upande wa bondeni unainama: ukingo wake wa nje unakuwa chini, wa ndani unakuwa juu. Kuinama huko ndiko kulikonitegua Keroka, kwa kipimo kidogo, hatua baada ya hatua. Wayo ulio upande wa kilima unainama kinyume chake, na kano ya nje inapumua. Nilipokuwa nikienda, kilima kilikuwa kulia kwangu na mguu wangu mbovu wa kulia ulikuwa juu. Nilipogeuka kurudi, kilima kikahamia kushoto, mguu mbovu ukawa bondeni, na kila hatua ikawa inaivuta ile ile kano.

Dawa yake si kufupisha safari. Dawa ni kutogeuka. Aliyeumia nje ya kifundo cha kulia akizunguke kilima kizima, kilima kikiwa mkono wake wa kulia mwanzo hadi mwisho, kama mshale wa saa, mpaka ajikute tena kwake. Aliyeumia kushoto azunguke kinyume. Bahati njema Gusii ni nchi ya vilima vidogo vinavyozungukika. Chetu kinanichukua saa moja na nusu kwa mwendo wa kobe, salamu zikiwemo.

Mambo mengine ni madogo, nitayataja kwa haraka. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, ingawa akili inakataa, na kimo chake kiishie kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima. Yangu ni ya mkaratusi, na chini nimeipigilia kipande cha akala isiteleze. Panapobidi kupanda, mguu mzima utangulie. Panapobidi kushuka, mbovu utangulie. Gambuti, ambazo ndizo sare ya mabonde yetu, ziache: wayo unaogelea ndani yake na kifundo hakina cha kukishika. Viatu vya kamba, vifungwe hadi juu. Na saa zenyewe ni saa tatu hadi saa sita mchana. Kabla ya hapo nyasi zina umande. Baada ya saa nane, msimu wa mvua, mawingu kutoka upande wa ziwa huwa yamejikusanya, na radi ya Gusii si ya kuichezea chini ya mikaratusi.

Nilipoongeza mwendo niligundua kwamba maumivu yameisha lakini mguu haujui uko wapi. Ndivyo ninavyoweza kulieleza. Nakanyaga kijiwe, na kifundo kinaniuliza, kwa kuchelewa, kama hicho ni kijiwe. Mwaka 1965 huko London, Michael Freeman na wenzake walieleza kwamba kano ikichanika, neva ndogo zinazouambia ubongo kiungo kimekaaje huumia pia, na hiyo ndiyo sababu mtu aliyeteguka mara moja huteguka tena. Walikuwa wakiwasimamisha wagonjwa juu ya ubao unaoyumba. Mimi sikuwa na ubao. Nilisimama kwa mguu mmoja mlangoni nikipiga mswaki, kwanza macho wazi, kisha macho yamefumbwa, mkono karibu na mwimo. Asubuhi ya pili nilipofumbua macho, watoto saba walikuwa wamepanga mstari uani, sare za shule mwilini, kila mmoja kwa mguu mmoja kama korongo, mdogo wao akiwa ameshika sikio la mbuzi asianguke. Hakuna aliyecheka. Walidhani ni ibada.

Polepole ile inakufundisha vitu vya karibu. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimepita kwenye michai nikiiona kama zulia. Sasa nilisimama nikaangalia mikono ya wachumaji: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, vidole vinakata bila jicho kutazama, kiganja kikijaa, majani hurushwa juu ya bega yakatua kapuni. Kichaka kimenyolewa kiunoni, bapa kama meza, na ukikaribia unasikia mlio wa kukatwa kwake, kama mvua inayoanza juu ya migomba. Kwenye kituo, makapu yanamwagwa, majani makubwa yanatupwa kando huku mwenyewe akilalamika, karani anasoma mizani, na lori la kiwanda halijafika. Halifiki mapema kamwe. Kwa aliye na mguu mbovu na benchi la mbao, ucheleweshaji huo ni neema.

Sehemu nyingine za kwetu ningemshauri mwenye kifundo kibovu azikawize. Ukingo wa Manga, unaotazama mji wa Kisii huko chini na, hewa ikiwa safi, ziwa lenyewe kwa mbali, ni wa mwezi wa tatu baada ya kuumia, tena kwa kiatu kizuri. Tabaka nilikwenda mapema mno. Kwenye vibanda vya wachongaji hakuna neno, lakini ukishuka machimboni unatembea juu ya vigae vya mawe ya sabuni, na vumbi lake ni utelezi mtupu hata jua likiwaka. Jiwe halikupewa jina hilo bure.

Wiki ya saba, siku moja ya Jumapili, mzee alisema tutatembea wote. Hakuuliza. Alikuja na fimbo yake, akakohoa chini ya mti wa avokado, nikatoka. Tulipofika kwenye njia ya kando ya kilima nikaelekea kushoto ili kilima kiwe kulia kwangu. Yeye akaelekea kulia.

"Tata, tunapita huku."

"Wewe pita huko. Mimi mguu wangu mbovu ni wa kushoto."

Ndipo nikaambiwa, nikiwa na miaka arobaini na sita, kwamba baba yangu aliteguka 1971 akiteremka na gunia la pareto, wakati pareto ilikuwa bado na bei, na kwamba tangu siku hiyo hazunguki kilima kwa upande mwingine. Miaka yote hiyo nilidhani anapita njia ile kuwakwepa wanaomdai. Lile nililoligundua kwa wiki nzima, juu ya kisiki, kiatu mkononi, yeye alikuwa nalo kabla sijazaliwa, na hakuona kama ni la kusimulia.

Tukaachana. Yeye akaenda kwake na mimi kwangu, kilima kikiwa katikati yetu. Nilipita nyuma ya majiko, nikaamkiwa, nikaamkia. Kituo cha chai kilikuwa kimefungwa, benchi tupu. Nikakaa. Nilikuwa nikiwaza juu ya mkimbiaji Naftali Temu, aliyekuwa mtu wa hapa Nyamira na rika la baba yangu. Tarehe 13 Oktoba 1968, Mexico City, kwenye hewa nyembamba ya mita zaidi ya 2,200, mwenye rekodi ya dunia Ron Clarke aliishiwa pumzi akaanguka baada ya kumaliza, Kipchoge Keino alishindwa kumaliza kwa maumivu ya tumbo, na kijana wa vilima hivi akampita Mamo Wolde wa Ethiopia mita za mwisho kabisa akailetea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Mzee huwa anasema kwamba habari ilipofika redioni kila kijana wa kwetu North Mugirango alikimbia kwa mwezi mzima, hata waliotumwa chumvi. Nilikuwa nikipiga hesabu: kwa mwendo wangu wa sasa, umbali ule ungenichukua hadi adhuhuri ya kesho.

Kisha, kutoka nyuma ya kona, migomba ikiwa bado imemficha, nikasikia mtu akikohoa.